Ngome ya Kabete na Malisho ya Bisil

Mtu atokaye Nairobi kwenda Namanga hupita Athi River, Kitengela, Isinya na Kajiado, kisha hufika Bisil, mji mdogo wa njiani wenye soko la mifugo lijulikanalo sana na wanunuzi wa ng'ombe na mbuzi. Mgeni mwenye kupenda mambo ya kale akiuliza hapo kama kuna ngome ya zamani ya Waingereza ya kutazamwa, ataambiwa hakuna, na jibu hilo ni la kweli. Waingereza walipita Bisil, na mwaka 1914 askari wao walipiga kambi hapo walipokuwa wakijiweka tayari kupigana na Wajerumani katika mlima wa Longido. Walishambulia tarehe 3 Novemba mwaka ule, wakashindwa kuuchukua mlima, wakarudi nyuma; na baada ya siku chache Wajerumani wakauacha wenyewe. Lakini kambi ya mahema si ngome. Mahema yakikunjwa hubaki majivu na makopo, na mvua ya kwanza huyachukua.

Walakini iko ngome moja ya Kiingereza ambayo wazee wa Bisil wana haki ya kuijua habari yake kuliko watu wengi, ingawa haikujengwa Umasaini. Ilijengwa Kabete, katika nchi ya Wakikuyu, pembeni ya mahali ambapo leo ni jiji la Nairobi. Jina lake ilikuwa Fort Smith. Haikudumu sana: tangu kujengwa kwake mpaka ilipopoteza kazi yake haikupita miaka 10. Juu ya hayo, mambo yaliyoanzia mlangoni pake yaliamua ni nani angechunga wapi, kutoka Laikipia mpaka mpaka wa Tanganyika.

Kabla ya kuieleza ngome yenyewe, inafaa kusema neno kidogo juu ya jina. Watu wa pwani walipotaka kusema jengo la mawe la vita walisema ngome, maana walikuwa nayo Mombasa, ile iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Lakini wapagazi walipopanda bara hawakukuta ngome za mawe. Walikuta boma: ua wa miti na miiba uliozunguka watu na mifugo yao. Hata Wazungu nao walipokuja kujenga vituo vyao, wapagazi waliviita boma vilevile, na neno hilo likashika, likawa jina la ofisi ya Serikali katika kila wilaya. Ndiyo sababu mchungaji wa Bisil hulala bomani na karani wa Kajiado naye huenda kazini bomani, na kila mmoja husema kweli. Aliyelitumia neno hilo mara ya kwanza hakukosea, kwa kuwa boma la kwanza la Waingereza katika nchi ile halikuwa na tofauti kubwa na la Wamasai: lilikuwa miti iliyochongwa na kusimamishwa, miiba kwa nje, na watu wenye hofu ndani.

Boma hilo la kwanza halikuwa Kabete hasa, bali Dagoretti. Mwaka 1888 Malkia wa Uingereza aliipa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki hati ya kufanya biashara na kutawala, na macho ya Kampuni yalikuwa Uganda. Njia ya kwenda Uganda ilikuwa ndefu, na kila mzigo ulichukuliwa kichwani. Msafara wa watu mia tatu au mia nne ulihitaji kibaba cha nafaka kwa kila mtu kila siku. Wala wapagazi hawakuweza kujichukulia chakula chao cha miezi mitatu pamoja na mizigo ya Kampuni. Basi njia yote ilitegemea mahali pa kununulia chakula. Baada ya Machakos mahali pa mwisho penye mashamba mengi palikuwa ukingo wa nchi ya Wakikuyu. Mbele ya hapo palikuwa na bonde kubwa la Ufa, malisho ya Wamasai, ambako hapakuwa na mahindi wala maharagwe ya kununua.

Kwa sababu hiyo, na si kwa sababu nyingine yo yote, Kapteni Frederick Lugard alisimama Dagoretti mwezi wa Oktoba mwaka 1890. Hakufika kuwateka Wakikuyu. Alitafuta viazi na maharagwe. Alifanya urafiki na Waiyaki wa Hinga, mtu mashuhuri wa upande ule, nao wakala kiapo cha damu cha udugu kama ilivyokuwa desturi. Lugard akajenga boma, akamwacha humo George Wilson na watu wachache, akaendelea na safari yake ya Uganda mwanzoni mwa Novemba.

Urafiki ule ulitegemea jambo moja ambalo Lugard hakuwa na njia ya kulilinda akiwa mbali: adabu ya wapagazi. Msafara uliokuja nyuma yake haukula kiapo na Waiyaki. Watu wenye njaa waliingia mashambani, wakachimba viazi visivyo vyao, na waliokatazwa walionyesha bunduki. Mkulima ye yote asomaye habari hii anajua shamba lililoingiliwa usiku lilivyo asubuhi, wala hahitaji kuelezwa hasira za mwenyewe. Wakikuyu wakaacha kuuza chakula. Wilson akakaa ndani ya miti yake mpaka risasi na akiba ya chakula zilipokaribia kwisha, na katika mwaka 1891 akaliacha boma akarudi kuelekea pwani. Wenyeji wakalitia moto.

Mwaka huohuo Kapteni Eric Smith akatumwa kujenga boma jingine lililo imara zaidi, naye akachagua mahali pa Kabete, karibu na makao ya Waiyaki. Hii ndiyo ngome iliyochukua jina lake. Ilikuwa na handaki kuizunguka, ukuta wa magogo, na nyumba ndani. Na katikati ulisimama mlingoti wa bendera. Kwa kipimo cha Mombasa ilikuwa kitu kidogo. Lakini ilijengwa na watu walioona majivu ya Dagoretti, na kila gogo lilisimamishwa kwa hofu ya majivu yale.

Tarehe 14 Agosti mwaka 1892 Waiyaki aliingia katika ngome hiyo usiku. Msimamizi wa wakati huo, William Purkiss, alikuwa ametoka kupigana na baadhi ya Wakikuyu na kuchoma nyumba zao, na maneno kati ya watu wawili hawa yaliharibika upesi. Wakashikana, Waiyaki akajeruhiwa kichwani, na ndugu wa damu wa Kampuni akafungwa minyororo kwenye mlingoti wa bendera mpaka kukacha. Halafu akapelekwa njia ya pwani kama mfungwa. Hakufika. Alifariki Kibwezi, akazikwa huko. Wakikuyu wengi wamepokea kwa wazee wao kwamba alizikwa angali hai, kichwa chini. Maandishi ya Wazungu husema alikufa kwa jeraha lake. Lo lote lililotokea, watu wa Kabete walijua kwamba mwenzao aliyekula kiapo na Waingereza aliondoka mlangoni kwa ngome akiwa mzima wa miguu, na hakurudi.

Tangu siku hiyo ngome ilipata nguvu ya bunduki na ikakosa chakula. Sir Gerald Portal, aliyetumwa na Serikali ya Uingereza kuchunguza mambo ya Uganda, alipita hapo mapema mwaka 1893. Aliandika kwamba Mzungu hakuweza kwenda peke yake yadi 200 kutoka ukutani bila kuhatarisha maisha yake. Yadi 200 ni umbali ambao mtoto wa Bisil hukimbia kumfuata ndama. Kapteni Robert Nelson, aliyekuwa amevuka misitu ya Kongo pamoja na Stanley na kuponea chupuchupu, alifia hapo Kabete mwezi wa Desemba 1892 kwa ugonjwa wa kuhara damu. Handaki liliweza kuwazuia adui, lakini halikuweza kusafisha maji wala kuvuna maharagwe.

Hapa ndipo Wamasai wanapoingia katika habari hii, nao hawakuingia kwa nguvu, bali kwa udhaifu mkubwa.

Miaka ile ilikuwa mibaya kupita yote ambayo Umasaini imepata kuiona. Sotoka ilifika mwaka 1890 na 1891, ikaua ng'ombe karibu wote. Anayewajua Wamasai anajua kwamba kusema hivyo ni kama kusema mvua haikunyesha tena katika nchi ya wakulima. Baada ya sotoka ikaja ndui, ikaua watu. Mwaka uleule wa 1890 alifariki oloiboni mkuu, Mbatian, na wanawe wawili, Olonana na Sendeyo, wakagombea nafasi yake, kila mmoja na wafuasi wake, na vita vyao vikaendelea mpaka mwaka 1902 Sendeyo aliposhindwa. Watu wenye njaa waliwapeleka watoto wao kwa Wakikuyu na Wakamba ili wapate kula. Wengine walirudi baadaye, wengine walikua wakawa Wakikuyu na Wakamba kabisa. Familia nyingi za Kiambu na Machakos zina bibi wa Kimasai katika ukoo wao kwa sababu ya miaka hiyo.

Katika hali hiyo, mwaka 1893 na 1894, watu wa Olonana walitafuta kimbilio karibu na ngome ya Kabete. Msimamizi sasa alikuwa Francis Hall, kijana Mwingereza ambaye barua zake kwa baba yake zimehifadhiwa Oxford mpaka leo. Hall aliwapokea. Hakuwapokea kwa huruma tupu, ingawa haifai kumnyima huruma mtu aliyekufa zamani. Alikuwa na ngome isiyo na rafiki, na mbele yake walisimama watu hodari wa vita wasio na ng'ombe. Kila upande ulikuwa na kile ambacho mwenzake alikosa. Wamasai wakakaa katika kivuli cha ngome kwa amani. Na Serikali, ilipokwenda kuwapiga Wakikuyu, Wakamba na baadaye Wanandi, ikachukua vijana wa Kimasai kama askari wa msaada, na ng'ombe waliotekwa wakagawanywa. Hivyo ndivyo maboma mengi yaliyokuwa matupu yalivyoanza kupata mifugo tena.

Wazee wa siku hizi wakizungumza habari hiyo hawakubaliani. Wako wasemao Olonana aliwauza watu. Wako wasemao aliwaokoa. Kwa haki yafaa kukumbuka kwamba mtu hapimwi kwa mambo yaliyotokea miaka 20 baada ya tendo lake, hasa akiwa na watoto wenye njaa nyuma yake. Urafiki wa mwaka 1894 ulikuwa na faida iliyoonekana kwa macho. Bei yake ndiyo iliyokuwa haijatajwa.

Jambo moja lilionyesha jinsi pande mbili zile zilivyokuwa zikihitajiana. Mwezi wa Novemba mwaka 1895 msafara mkubwa wa watu zaidi ya elfu, wengi wao Wakikuyu pamoja na watu wa pwani, ulikuwa ukirudi Kabete kutoka Eldama Ravine baada ya kupeleka chakula. Walipofika Kedong, baadhi yao waliwachokoza Wamasai, wakawatwaa wasichana na ng'ombe. Wamasai wakauvamia msafara, wakaua zaidi ya watu 600. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, akaondoka na Wafaransa waliokuwa safarini kwenda kulipiza kisasi. Akaua Wamasai wengi kwa bunduki kabla ya kuuawa mwenyewe. Watu wote walitazamia vita. Badala yake uchunguzi wa Serikali ukasema kwamba msafara ndio uliokosa, na Wamasai hawakupelekewa jeshi. Olonana aliona katika hukumu hiyo kwamba Waingereza wanaweza kusikiliza. Waingereza nao waliona kwamba hawana askari wa kutosha kupigana na Wamasai, jambo ambalo hawakulitangaza.

Wakati huo ngome ilikuwa imekwisha kubadili mwenyewe. Kampuni ilishindwa na gharama, na mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikaichukua nchi. Walowezi wa kwanza waliofika Kabete kwa miguu kutoka pwani, miongoni mwao Dokta Boedeker na fundi McQueen pamoja na wake zao, walikuta mwaka 1896 boma lenye mboga na amani ya namna fulani. Halafu ikaja reli. Njia ya chuma ilifika mahali pa maji baridi, ambapo Wamasai waliita Nairobi, mwezi wa Mei mwaka 1899, na kwa siku moja gari la moshi lilileta mzigo ambao wapagazi mia wasingeweza kuuleta. Chakula cha Kabete hakikuhitajiwa tena kwa safari ya Uganda. Hall akahamia Mbiri mwaka 1900 kujenga kituo kipya, kile kilichokuja kuitwa Fort Hall na sasa ni Murang'a, akafa huko mwaka 1901. Fort Smith haikushindwa na adui. Iliachwa kama kitu ambacho hakina kazi.

Magogo ya boma lililoachwa hayadumu. Mchwa wa nchi ile hawajali bendera ya nani ilipepea juu yao. Msafiri aendaye Kabete leo asitegemee kuona minara wala kuta kama za ngome ya Mombasa. Atakuta majumba, mashamba madogo na barabara, na jina la Smith ambalo bado hutajwa na watu wa jirani. Akitaka kuona jengo la Kiingereza lenye kuta za mawe katika nchi kavu ya Kenya, na aende Njoro. Huko Lord Maurice Egerton alijenga jumba kubwa mfano wa makasri ya kwao, kazi iliyoanza kabla ya vita vya pili vya dunia ikamalizika mwaka 1954. Aliishi humo bila mke mpaka alipofariki mwaka 1958. Sasa jumba hilo liko chini ya chuo kikuu chenye jina lake, na watu hulipa kiingilio, huzunguka vyumbani, na maarusi hupigwa picha bustanini.

Lakini mzee wa Kimasai akisimama katika bustani ile ana jambo la kufikiri ambalo halimo katika maelezo wapewayo wageni. Malisho ya Njoro, Nakuru na Naivasha yalikuwa ya Wamasai. Yaliwatoka kwa karatasi, na karatasi hiyo ilitokana na urafiki ulioanzia kwenye handaki la Kabete.

Mwezi wa Agosti mwaka 1904, Olonana, ambaye Serikali ilikuwa imekwisha kumtambua kuwa chifu mkuu wa Wamasai wote, cheo ambacho Wamasai wenyewe hawakuwa nacho, alitia alama yake pamoja na wazee wengine katika mkataba na Kamishna, Sir Donald Stewart. Wamasai waliyatoa malisho ya Bonde la Ufa yaliyo karibu na reli ili wapewe walowezi. Badala yake wakatengewa nchi mbili: moja kaskazini, Laikipia, na nyingine kusini ya reli, kuelekea mpaka wa Wajerumani. Humo kusini ndimo lilimo Bisil. Mkataba uliahidi njia yenye upana wa nusu maili ya kuunganisha nchi hizo mbili, pamoja na haki ya kufika kwenye maji, na maili tano za mraba huko Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Uliahidi pia kwamba mambo hayo yangedumu muda wote ambao Wamasai wangekuwa kabila.

Yalidumu miaka 7. Walowezi waliitaka Laikipia. Olonana alifariki mwezi wa Machi mwaka 1911, na mwezi uliofuata mkataba mpya ukatiwa alama: Wamasai wa kaskazini wahamie kusini, na nchi ya kusini ipanuliwe upande wa magharibi. Ilisemwa kwamba Olonana mwenyewe, alipokuwa akikata roho, aliwausia watu wake waitii Serikali. Aliyetaka wosia huo usikike ni rahisi kumjua. Kama ulisemwa hivyo, si rahisi kujua. Watu walihama na ng'ombe wanaokisiwa kufika laki mbili na kondoo wengi kuliko hao, wakapita mahali penye baridi na mvua, na mifugo ikafa njiani. Mzee Parsaloi ole Gilisho, ambaye alikuwa ametia alama yake, pamoja na wenziwe waliokataa kuhama, walitafuta wanasheria Waingereza, na mwaka 1913 kesi ikasomwa kwa jina la Ole Njogo.

Jibu la mahakama lastahili kufikiriwa polepole. Majaji hawakusema kwamba Serikali ilikuwa na haki, wala hawakusema kwamba haikuwa nayo. Walisema kwamba Wamasai hawakuwa raia wa Uingereza, bali watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi. Kwa hiyo mikataba ile ilikuwa kati ya dola na dola, na mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuamua ugomvi wa namna hiyo. Yaani Wamasai walitambuliwa kuwa dola siku ileile dola yao ilipopoteza malisho. Mwaka 1890 Waiyaki alikula kiapo cha damu na akafungwa kwenye mlingoti. Mwaka 1913 Wamasai walileta mkataba wa wino, na wino nao haukuwa na hakimu.

Ndiyo sababu si kweli kwamba ngome ya Kabete haikuacha masalio. Mwenye kutafuta magogo yake hatayaona. Lakini atazame ramani. Mstari ule ambao kwa miaka mingi uliitenga nchi ya Wamasai na mashamba ya walowezi, na mstari mwingine unaopita Namanga na kumweka mtu wa Longido katika nchi nyingine na binamu yake wa Bisil, ni kazi ya watu walewale na ya miaka ileile. Mstari wa Namanga ulichorwa Ulaya kati ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Mstari wa kaskazini ulichorwa kwa sababu Olonana na Hall walihitajiana siku moja penye njaa. Wamatapato na Wakaputiei, ambao ndio wenye nchi kutoka Kitengela mpaka Namanga, walikuta wamezungushiwa boma ambalo hawakulijenga wenyewe.

Boma hilo nalo likagawanywa. Mwaka 1968 sheria ya Kenya iliwezesha ardhi ya Wamasai kuandikwa kwa jina la ranchi za vikundi, na tangu miaka ya 1980 nyingi katika Kajiado zimekatwakatwa, kila mwanachama akapewa kipande chake na hati yake. Kitengela, ambako wanyama wa mbuga ya Nairobi walikuwa wakienda kula majani wakati wa mvua, sasa ni mji wa maduka na nyumba za kupanga. Hati ni kitu chema; humpa mwenyewe nguvu ya kukopa na kushtaki, na siku hizi mahakama humsikiliza. Lakini hati huuzika kwa siku moja. Katika nyumba nyingi za Kajiado mama na watoto walipata habari za kuuzwa kwa ardhi siku walipomwona mgeni akipima na kusimamisha nguzo za uzio. Baba alikuwa amekwisha kutia kidole chake katika wino. Ndiyo sababu siku hizi sheria inataka mke akubali kwanza, na Bodi ya Kudhibiti Ardhi ikutane kabla shamba halijabadili mwenyewe. Na mzee mwenye busara hamwendei mnunuzi peke yake, bali huwaita vijana waliosoma wamsomee karatasi neno kwa neno, pamoja na yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Wale waliotia alama mwaka 1904 hawakuwa na wa kuwasomea ila wale wenye kuitaka nchi yao.

Mtu wa Bisil apitaye Nairobi kuelekea magharibi hufuata barabara kubwa iitwayo Waiyaki, kwa jina la yule aliyefungwa kwenye mlingoti. Wala hakuna barabara kubwa kama ile iliyopewa jina la Purkiss. Yeye mara nyingi hapiti kwa kutalii. Huwa yumo katika lori pamoja na ng'ombe aliowanunua sokoni asubuhi, ambao kamba zao zimefungwa kwenye vyuma vya ubavuni ili wasianguke kwenye kona, na safari yake inaishia Dagoretti, kwenye machinjio yanayolisha sehemu kubwa ya jiji. Ni palepale ambapo watu wa Lugard walisimama mwaka 1890 wakitafuta chakula cha kununua. Bei hupatanwa getini kabla ng'ombe hawajashushwa, na mwenye ng'ombe hazimi injini mpaka aone fedha.